Kifaranga Anamdai Nani?

Kuna swali ambalo sisi vijana huwatupia wazazi mambo yakichacha nyumbani: "Kwani niliomba kuzaliwa?" Wazazi nao wana jibu lao, liko tayari kila wakati: "Unajua nimekugharimia pesa ngapi mimi?" Mlango unabamizwa, mtu analala bila kula, na kesho yake chai inanywewa kimya kimya kana kwamba hakuna kilichosemwa. Nimelisikia swali hilo kwetu, nimelisikia kwa majirani, nimelisikia hata kwenye matatu mtu akiongea na simu. Sijawahi kusikia likijibiwa.

Mimi nilianza kulifikiria kwa makini niliponunua inkubeta.

Yangu inachukua mayai 56. Ni boksi la plastiki lenye kifuniko cha kuonea ndani, feni ndogo, waya wa kupasha joto na mota ya kugeuza mayai. Iko juu ya meza katika bedsita yangu Githurai, katikati ya laptopu na meko ya gesi. Niliacha chuo mwaka wa tatu karo ilipokata, na tangu hapo naishi kwa kuandika: makala ya huyu, maelezo ya bidhaa za yule, siku nyingine hotuba ya harusi ya mtu nisiyemjua. Pesa za kuandika huja zikitaka. Kwa hivyo naangua vifaranga wa kienyeji na kuwauzia watu wenye nafasi ya kufuga kule Ruiru, Juja na Kamulu. Kifaranga wa siku moja ni shilingi 100 hivi.

Hoja yangu ni moja, na niiweke mezani mapema usije ukasema nimekuzungusha. Mashine hii imetenganisha vitu viwili ambavyo kwa kuku vimeshikana: kuanzisha uhai na kuulipia. Nikishaweza kuanzisha bila kulipa, deni halijafutika. Limebaki pale likimtafuta mtu wa kulibeba, na mtu wa kwanza kutafutwa ni yule aliyewasha swichi.

Tuanze na kuku mwenyewe, maana yeye ndiye anayejua bei.

Kwetu Kakamega nyanya tunamwita kukhu, na ndiyo, utotoni tulicheka sana kwamba kukhu anafuga kuku. Koo wake akitaka kutamia haulizwi mtu. Anaganda kwenye kiota, anavimbisha manyoya, ukimsogelea anakudonoa. Kukhu alikuwa akimwekea mayai 12 au 13, hazidishi. Siku moja nikamuuliza kwa nini asimwekee 20, na mayai yapo tele kwenye kikapu.

"Mjukuu wangu," akasema, "tazama mabawa yake."

Hakuongeza neno, akaendelea kupepeta mahindi. Nilielewa baadaye. Yai linalobaki nje ya bawa hupoa. Na kwa kuwa koo huyasogeza mayai kila mara kwa mdomo, lile lililokuwa nje linaingia katikati na la katikati linatoka nje. Ukimzidishia hapotezi yale ya ziada peke yake. Yote yanapokezana baridi, na mwishowe unapata mayai viza kiota kizima.

Siku 21 koo yule haishi maisha yake. Anatoka mara moja kwa siku, dakika chache tu, anakula kwa pupa, anakunywa maji, anajisaidia, anarudi mbio. Anakonda. Manyoya ya kifuani yanapukutika ili ngozi yenyewe iguse yai. Hatagi. Nguchiro akiingia usiku, aliye kwenye kiota ndiye wa kwanza kuliwa. Hiyo ndiyo bei, na bei hiyo ndiyo inayopanga idadi. Kuku hawezi kuanzisha vifaranga wengi kuliko anaoweza kuwafunika kwa mwili wake. Hana haja ya maadili, mabawa yanatosha.

Sasa nitazame mimi. Nyuzi joto 37.5, unyevu asilimia 50 hadi 55 kwa siku 18 za kwanza, kisha nausukuma mpaka asilimia 65 au 70 siku tatu za mwisho. Mota inageuza, feni inazungusha hewa. Mimi naandika, nalala, naenda kutazama mpira. Kazi ya makoo wanne au zaidi inafanywa na boksi, na mimi sikondi hata kilo moja. Gharama yangu ni tokeni za stima.

Tamaa hii ya kumwondoa kuku kwenye hesabu si ya leo. Wamisri waliangua mayai kwa maelfu katika tanuri za matofali tangu kale, na walinzi wa tanuri hizo walipima joto kwa kuligusisha yai kwenye kope la jicho. Aristotle, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliandika kwamba Wamisri waliyafukia mayai kwenye samadi yakajiangua. Ukurasa huohuo anamtaja mlevi mmoja wa Syracuse aliyeyafukia mayai chini ya mkeka wake, akaketi juu yake na kunywa mfululizo mpaka vifaranga wakatoka. Karne ya 18 Mfaransa René-Antoine Ferchault de Réaumur, yule wa kipimajoto, akafanya majaribio yake na kutoa kitabu kizima mwaka 1749. Katika watu hao wote nampenda zaidi yule mlevi. Angalau yeye aliketi. Alikuwa na kileo chake, sawa, lakini hakuondoka mkekani.

Wakenya wa umri wangu hawahitaji kwenda Misri kujua kinachotokea kuanzisha kukiwa rahisi. Kumbuka kware. Mwisho wa 2013 na mwanzo wa 2014 nchi hii ilishikwa na homa ya kware. Mayai yake yalisemekana kutibu kila kitu, bei ikapanda juu ya mti, watu wakapanga foleni ya leseni za KWS. Wapo waliotoa akiba yao ya sacco wakajaza vizimba kwenye roshani za ploti. Jambo ambalo wengi hawalisemi ni hili: kware wa kufugwa amepoteza tabia ya kutamia. Hakuna mama aliyekaa. Homa yote ile ilisimama juu ya inkubeta, na kwa siku 17 au 18 tu mashine inakutolea kundi jipya. Kwa hivyo hakukuwa na bawa lolote la kusema imetosha. Soko likajaa, bei ikaporomoka, na nchi ikabaki na ndege wengi ambao hakuna aliyewataka. Tukawacheka waliopoteza pesa. Tunawacheka mpaka leo. Habari za kware wenyewe, waliokuwa wanakula chakula cha mtu aliyekwisha kata tamaa, sikuzisikia kwenye mzaha wowote.

Tena kuna habari ya majogoo. Ukiangua mayai, karibu nusu ya vifaranga ni wa kiume, upende usipende. Katika viwanda vya kuku wa mayai duniani, vifaranga hao wa kiume huuawa siku ya kwanza, kwa sababu hawatatagi na hawanenepi upesi kama broila. Ujerumani ilipiga marufuku jambo hilo kuanzia tarehe 1 Januari 2022. Ukiangalia kwa makini utaona ni shida ileile ya mabawa. Mtu ameanzisha uhai akijua kabla ya kuwasha mashine kwamba nusu yake hana mpango nayo. Hii ndiyo sababu mimi siangui leya. Kuku wa kienyeji jogoo ana nafasi yake: atauzwa, atapelekwa kwa mkwe, ataliwa Krismasi. Ataishi miezi yake ya kuchakura na kuwika kabla ya sufuria.

Najua hapo kuna msomaji ameshanikatiza. "Ndugu, si mwisho wa yote unamla? Sasa deni gani hilo?" Swali zuri. Kukhu anakula kuku, mimi nakula kuku, na ukinialika kwako nikakuta umepika ndengu pekee nitashukuru kwa adabu tu. Hapa nazungumzia kipindi kilicho katikati, tangu swichi mpaka kisu. Kwamba maisha yatakwisha hakunipi ruhusa ya kuyaanzisha ovyo. Ya kwako na yangu pia yatakwisha.

Mwingine atasema, "Lakini hayo ni mayai bana, ungekaanga." Hapo pia tuelewane. Yai la siku ya kwanza nalikaanga, naweka kachumbari, nalala usingizi mzito. Deni halianzi na ganda. Linakua pole pole. Aristotle alifuatilia mayai tangu yanapoanza kutamiwa, na siku ya tatu akaona moyo, tone la damu linalopigapiga kama kitu kilicho hai. Mimi sihitaji kuvunja. Siku ya saba nazima taa, naliweka yai juu ya tochi ya simu, naona mishipa myekundu imetanda kama miguu ya buibui na doa jeusi katikati linalotikisika. Yasiyo na kitu nayatoa. Siku ya 20 hata tochi haina kazi: kifaranga ameshatoboa utando wa ndani, anapumua hewa iliyo kwenye upande butu wa yai, na ukitega sikio unamsikia analia. Yuko ndani ya ganda na analia! Chini ya koo, mama humjibu kwa kukokoa taratibu. Ndani ya boksi langu anajibiwa na feni.

Sijui mstari unakatwa siku gani hasa. Lakini nani atakataa kwamba kuna tofauti kati ya yai lisilo na sauti na yai linaloita? Na kama linaita, linamwita nani?

Usiku mmoja ulinijibu. Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, karibu nchi nzima ilizimika. Unakumbuka, hata uwanja wa ndege Nairobi uliingia giza. Mayai yangu yalikuwa siku ya 16. Nilikuwa nimeanza na 56. Siku ya saba nikatoa 8 yasiyo na kitu na 2 yenye duara jekundu, alama kwamba kiinitete kimekufa. Yalibaki 46.

Nusu saa ya kwanza nilingoja stima irudi, kama kila mtu. Saa moja ikapita. Kiinitete huvumilia baridi ya saa chache kuliko joto la kupita kiasi. Ukipitisha nyuzi 40 unaua haraka. Nikafunika boksi kwa blanketi mbili. Nikachemsha maji kwenye gesi, nikayapunguza makali kwa maji baridi, nikajaza chupa za nusu lita na kuzipanga pembeni mwa mayai. Kipimajoto cha mashine kilikuwa kimezimika pamoja na mashine. Kwa hivyo nikafanya walivyofanya wale wa tanuri za Misri: nikachukua yai, nikafumba jicho, nikaligusisha kwenye kope. Likiwa vuguvugu la kupendeza, sawa. Likiwa limepoa, chupa nyingine.

Saa tisa usiku jirani yangu, Mama Shiro, akagonga ukuta.

"Wewe kijana, unapika nini saa hii?"

"Mayai, Mama Shiro."

"Si yameiva sasa? Zima gesi tulale."

"Haya hayaivi, Mama Shiro."

Kimya. Kisha nikamsikia akicheka peke yake gizani.

Niliendelea hivyo mpaka asubuhi, chupa baada ya chupa, naketi, nasinzia, naamka. Nilikuwa na haki zote za kulalamika. Si mimi niliyezima nchi. Hakuna mtu yeyote angenilaumu mayai yale yangekufa. Lakini pale gizani niligundua kwamba kulaumiwa na kudaiwa ni vitu viwili. Tumezoea kufikiri kwamba mtu anawajibika pale tu alipokosa: umevunja, lipa. Kumbe kuna wajibu usiohitaji kosa lolote. Unatokana na kwamba bila wewe, huyu asingekuwepo hapa akihitaji kitu. Kiinitete cha siku ya 16 hakijui habari za gridi ya taifa. Kinajua baridi. Na baridi ile ilikuwa na mtu mmoja tu wa kuiondoa, yule aliyeyapanga mayai kwenye trei siku 16 kabla.

Stima ikipotea, kuku ni wewe. Bei ambayo mashine ilikuwa imekufichia inakuja yote kwa pamoja, na unailipa kwa usingizi wako na mwili wako, kama koo. Walitoka vifaranga 35.

Hata hivyo kulipa deni si kufanya kila kitu. Hili nalo mashine hukufundisha, na hukufundisha siku ya 21, siku ngumu kuliko usiku wowote wa giza.

Kifaranga anatoboa ganda kwa kijino kidogo kilicho juu ya mdomo. Unaona ufa kama nyota. Unashangilia. Halafu hafanyi kitu. Saa sita zinapita, 12, wakati mwingine karibu siku nzima. Unamsikia analia na ganda halifunguki. Kila mtu aliyewahi kuangua mayai anaujua mwasho huo wa vidole: fungua kifuniko, bandua kipande kidogo tu, msaidie.

Sasa sikiliza kinachoendelea mle ndani. Kifaranga aliyetulia hajakwama. Mapafu yake yanajifunza kazi. Mishipa ya damu iliyotanda kwenye utando inanywea, damu inarudi mwilini. Kiini kilichobaki kinavutwa kuingia tumboni kupitia kitovuni, na hicho ndicho chakula kitakachomtosha mpaka siku mbili tatu baada ya kutoka. Ndiyo maana kifaranga wa siku moja anaweza kusafirishwa mbali bila kula. Ukimbandua mapema unapasua mishipa iliyo na damu bado. Umemtoa nje, ndiyo, lakini anavuja.

Na kuna jambo zaidi. Ukifungua kifuniko kwa ajili ya mmoja, unyevu unatoka, na tando za wengine waliokwisha kutoboa zinakauka na kuwabana kama karatasi iliyolowa ikaanikwa juani. Huruma kwa yule unayemwona inaweza kuwafungia mlango wale usiowaona. Kwa hivyo sheria yangu ni kungoja. Wenye nguvu wakishatoka wote, ndipo namtazama aliyebaki. Kama saa 24 zimepita tangu atoboe na utando umekauka, naulowesha kwa maji ya uvuguvugu, nabandua kidogo, nikiona damu naacha. Wapo wanaopona. Wapo wasiopona.

Waswahili husema teke la kuku halimuumizi mwanawe. Kuna msaada ambao ni wa kumtuliza msaidizi mwenyewe. Hatuwezi kuvumilia kutazama mtu akihangaika, basi tunamvunjia ganda ili sisi tupumue. Anayedaiwa anatakiwa kuwepo, macho wazi, mikono imetulia, mpaka mikono ihitajike kweli. Nakuambia, kukesha nikijaza chupa maji moto kulikuwa rahisi kuliko kukaa vile.

Halafu kuna yule anayetoka miguu imetanuka huku na huku kama mtu aliyeteleza kwenye matope. Huyo hauziki. Dawa yake ni kumfunga miguu kwa utepe laini ikae karibu karibu, kumwekea mahali pasipoteleza, na kumfungua na kumfunga siku kadhaa. Wengi husimama. Ukihesabu muda wako na shilingi 100 yake, hesabu haitoi. Hapo ndipo mfanyabiashara aliye ndani yangu na yule aliyewasha swichi huachana njia. Mfanyabiashara anasema mtupe. Mwingine anasema: hakuja mwenyewe huyu. Namfunga. Na yule asiyewezekana kabisa, simwachi pembeni afe kwa saa nyingi ili mimi nisione. Namaliza haraka, kwa mkono wangu. Hiyo pia ni sehemu ya bei.

Sasa turudi kwa wanadamu, tuliowaacha wakibamiza milango.

Mwaka 1797 Immanuel Kant aliandika kwamba wazazi wamemleta mtu duniani bila kumwomba ridhaa, kwa hivyo wana wajibu wa kumfanya, kadiri wawezavyo, aridhike na hali yake. Hawawezi kumtupa kama chombo walichokitengeneza wenyewe. Kant alikuwa anazungumzia watu, na hangekubali nimpeleke kwenye banda. Lakini hatua anayoichukua ndiyo ileile ya usiku wa Agosti: hukuulizwa, kwa hivyo aliyeanzisha ndiye anayedaiwa. Waswahili waliifupisha zaidi: kuzaa si kazi, kazi ni kulea.

Ukikubali hilo, angalia deni linaelekea wapi. Linashuka. Koo hawadai vifaranga wake siku zake 21. Anawachakuria, anawafunika, na wakishaota manyoya ya kutosha anaanza kuwadonoa waondoke, anarudi kutaga. Hakuna daftari. Sasa nyumbani kwetu sisi daftari lipo. "Nimekugharimia." Nimesikia wenzangu walioajiriwa wakigawa mshahara wa kwanza kama watu wanaolipa mkopo walioukuta, na wasioajiriwa wakikwepa simu za kwao kama watu waliokimbia mkopo. Mimi niliyeacha chuo nina ukurasa wangu kwenye daftari hilo: miaka miwili na nusu ya karo, ng'ombe mmoja, na michango ya harambee mbili.

Sisemi tusiwatumie wazazi pesa. Namtumia mama kila ninapopata. Nasema tutenganishe majina. Deni linadaiwa, lina tarehe, lina kiasi, na asiyelipa ni mwizi. Shukrani haidaiwi. Ukiidai inageuka kodi. Mama aliyekesha na mwanawe mgonjwa alikuwa analipa deni la kuanzisha, na alilipa vizuri, na ndiyo maana mwana anamshukuru. Lakini akimpelekea mwana risiti ya usiku ule, amegeuza kulea kuwa uwekezaji, na mtoto kuwa kware wa 2013: kiumbe kilichoanzishwa kwa sababu ya bei.

Niliwahi kumrushia mama swali hili kwa simu, kwa njia ya mzaha, maana kwetu mambo mazito hupitishwa kwa mzaha.

"Mama, hivi kifaranga humlipa kuku nini?"

Alifikiri kidogo. Nilisikia redio yake nyuma.

"Anamlipa kwa kutoliwa na mwewe," akasema. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Nimelichunguza jibu lile kwa muda mrefu, nikitafuta mahali pa kulipinga, sijapaona. Hakutaja karo wala ng'ombe. Kwa maneno yale daftari lilifungwa, angalau kwa upande wake.

Siku hizi sijazi mashine. Naweka mayai 36, nafasi 20 zinakaa wazi. Si kwamba mayai hayapatikani. Nimehesabu mabawa yangu: kikasha cha kulelea chenye balbu moja, wateja waliokwisha kutuma deposti kwa M-Pesa, chakula cha wiki mbili kwa watakaobaki bila mnunuzi, chupa za nusu lita ninazoweza kuchemshia maji usiku mmoja nikiwa peke yangu. Ukijumlisha hayo yote unapata 36. Labda mwaka ujao watakuwa 40.

Watu hunitumia ujumbe wakitaka kujua inkubeta gani ni nzuri, ya mayai mangapi, ya stima au ya sola. Nawajibu vizuri tu, ni mambo yanayojibika. Halafu nawauliza swali ambalo hakuna muuzaji atakuuliza: stima ikipotea saa nane usiku siku ya 16, ni nani kwako ataamka? Ukipata jina la mtu huyo, mpe uamuzi wa mayai mangapi yaingie.